Kwaya ya Klasiki Ikija Malindi: Jinsi ya Kwenda, Kukaa na Kusikiliza

Kwaya si kitu kigeni Malindi. Pita nje ya kanisa lolote Jumamosi alasiri, utasikia besi wakirudiarudia mstari mmoja huku mwalimu akigonga meza kwa kalamu. Lakini jioni ya kwaya ya klasiki kwenye tamasha la muziki ina taratibu zake. Wanakwaya husimama na mafaili meusi mikononi, hawachezi, mara nyingi hawana hata maikrofoni, na wanaweza kuimba Kilatini saa nzima bila mtu kutoa neno la maelezo. Hata aliyekulia kwenye kwaya hujikuta akimtazama jirani: tupige makofi sasa? Wanasema nini? Naweza kutoka kidogo?

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na wa yule mwingine ambaye hajawahi kuimba popote ila kapewa tiketi. Msimamo wangu nausema mapema ili ujue nakupeleka wapi: sehemu kubwa ya raha ya jioni hiyo hutengenezwa nyumbani, siku mbili tatu kabla, na hutengenezwa kwa kujua maneno. Mengine yote, mavazi, kiti, makofi, hujifunzwa papo hapo.

Hatua ya 1: Soma tangazo mpaka chini

Anza na saa. Harusi ya hapa ikiandikwa saa mbili usiku, mwenye busara hutoka kwake saa tatu. Kwaya ya klasiki haiendi hivyo. Saa iliyo kwenye tangazo ndiyo saa sauti ya kwanza inatoka, na milango hufungwa. Matangazo mengi huandika saa kwa Kizungu, kwa hiyo 7:00 ya jioni ni saa moja usiku, na wewe uwe umeketi saa moja kasorobo.

Tazama pia saa hiyo inaangukia wapi katika siku ya mji. Malindi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo hivi, kutegemea mwezi, na adhana ya Isha hufuata baada ya saa moja na kidogo. Onyesho linaloanza saa moja usiku litakutana na adhana katikati ya nusu ya kwanza. Waandaaji wanaoujua mji huanza saa mbili, au hupanga mapumziko yaangukie hapo. Ukiona wamepanga hivyo, ni dalili nzuri kwamba na mambo mengine wameyafikiria.

Kisha soma jina la kazi itakayoimbwa. Hapa ndipo watu wengi huruka, na hapa ndipo penye habari yote. Kazi kubwa za kwaya utakazokutana nazo matamashani nyingi ni za familia tatu. Kuna Misa, yaani maneno ya ibada ya Kikatoliki yaliyotungiwa muziki na watu kama Haydn, Mozart na Schubert. Kuna Requiem, ambayo ni misa ya wafu. Na kuna oratorio, ambayo ni kisa au mafundisho ya Biblia yanayoimbwa bila kuigizwa. Maarufu kuliko zote ni Messiah ya Handel. Ukijua familia, umejua karibu urefu pia. Requiem ya Fauré ni kama nusu saa na kidogo. Ya Mozart hukaribia saa nzima. Ya Verdi ni kama saa moja na nusu. Messiah ikiimbwa yote huzidi saa mbili, na ndiyo sababu matamasha mengi huimba vipande tu. Nunua tiketi ukiwa unajua umenunua nini.

Kuhusu kulipa: siku hizi ni M-Pesa tu. Kabla malipo hayajakamilika, soma jina linalotokea. Kama tangazo ni la kanisa au la shule na jina lililotokea ni la mtu binafsi usiyemjua, simama, piga simu uulize. Ujumbe wa malipo usiufute mpaka umepita mlangoni.

Hatua ya 2: Jua maneno kabla hujatoka nyumbani

Kwaya ya klasiki ina tabia moja inayowachosha wasikilizaji wapya: inarudia. Sentensi fupi inaweza kuimbwa dakika tano, ikipasuliwa, ikirushwa kutoka kwa wanawake kwenda kwa wanaume, ikirudishwa. Asiyejua maneno husikia kelele tamu zisizo na mwisho. Anayeyajua husikia watu wanabishana, wanaomba, wanang'ang'ania neno moja kwa sababu hawataki kuliachia.

Na hapa mtu wa Malindi ana mtaji ambao pengine hajui kwamba anao. Kama umewahi kuhudhuria misa ya Kikatoliki, iwe kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Antoni au kwenye kigango cha huko bara, tayari unajua kiunzi cha kila Misa iliyotungwa Ulaya. Kyrie ni Bwana utuhurumie, na ni Kigiriki, ingawa kilichobaki ni Kilatini. Gloria ni Utukufu kwa Mungu juu. Credo ni Nasadiki. Sanctus ni Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu. Agnus Dei ni Mwanakondoo wa Mungu. Vinakuja kwa mpangilio huo huo unaoujua. Ukisikia kwaya imemaliza kipande kirefu kuliko vyote na kuanza kutaja sanctus mara tatu, unajua uko wapi bila kufungua karatasi.

Requiem nayo inaanza na maneno yanayosemwa kwenye kila maziko ya Kikatoliki hapa kwetu: raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Kisha ndani yake kuna shairi refu la siku ya ghadhabu, Dies irae, ambalo ndilo watungaji hulimwagia moto. Verdi aliliwekea ngoma kubwa inayopigwa kwa nguvu zote, na mwenye mtoto mdogo aliyesinzia ajiandae. Requiem hiyo ya Verdi iliimbwa mara ya kwanza Milan tarehe 22 Mei 1874, kumkumbuka mwandishi Mwitaliano Manzoni, na kwa kuwa mji wetu umejaa Waitalia, usishangae mzee mmoja wa Kiitaliano kiti cha jirani akisogeza midomo kimyakimya kwa kila neno. Fauré yeye aliliacha shairi hilo karibu lote, akabakiza ombi la mwisho tu, kwa hiyo Requiem yake ni ya upole mwanzo hadi mwisho. Kwa anayeanza, mimi ningeanza na Fauré.

Ya Mozart ina kisa ambacho kinafaa kujulikana kabla ya kuisikiliza. Alifariki tarehe 5 Desemba 1791 kabla hajaimaliza. Kipande kinachoitwa Lacrimosa, cha machozi, mkono wake mwenyewe unaishia kwenye baa ya nane, yaani kipimo cha nane cha muziki. Mwanafunzi wake Süssmayr ndiye aliyekamilisha. Ukikisikia kikianza kupanda polepole, neno kwa neno kama mtu anayepanda ngazi amechoka, uko kwenye baa hizo.

Messiah ni rahisi zaidi kwa kuwa maneno yake yote ni Biblia. Rafiki wa Handel aitwaye Charles Jennens alikusanya aya, Handel akazitungia muziki mwaka 1741 kwa wiki tatu na siku chache. Wataimba kwa Kiingereza, lakini wewe kaa na Biblia yako ya Kiswahili jioni moja ufungue Isaya 40 (watulizeni mioyo, watulizeni mioyo, watu wangu), Isaya 9 aya ya 6, Isaya 53, Ayubu 19 aya ya 25, kisha Ufunuo sura ya 5, 11 na 19. Hapo umepata sehemu kubwa ya vipande wanavyovipenda wenye matamasha. Haleluya yenyewe ni aya tatu za Ufunuo zilizosukwa pamoja, na wanakwaya wengi wa hapa wanaiimba kwa Kiswahili kila Krismasi.

Kama wewe ni Mwislamu na umealikwa, neno moja la wazi. Maneno yanayoimbwa ni ya dini ya Kikristo, na mara nyingi ukumbi ni kanisa kwa sababu kanisa ndilo lenye dari refu. Onyesho si ibada. Hakuna atakayekutaka upige magoti wala uitikie. Kwenda au kutokwenda ni lako na moyo wako, na anayekualika hana haki ya kukubembeleza. Ukienda, sikio lako lililozoea kasida na maulidi halitakuwa geni kabisa: kiongozi anatoa mstari, kundi linaitikia, sauti zinapandishwa pamoja. Aliyewahi kukaa kwenye Maulidi ya Lamu, pale Riyadha, anajua vizuri kuliko wengi jinsi watu mia wanavyoweza kuvuta pumzi moja.

Hatua ya 3: Isikilize mara moja tu

Tafuta kazi hiyo hiyo kwenye simu, uisikilize mara moja, hata ukiwa unachambua mchele. Mara moja inatosha. Ukiisikiliza sana rekodi ya kwaya mashuhuri iliyorekodiwa kwa mitambo ya gharama, utafika ukumbini ukihukumu wanakwaya wa watu badala ya kuwasikiliza.

Ukitaka daraja la kuvukia, ipo Missa Luba, iliyoimbwa Kamina, kule Katanga, mwaka 1958 chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen: maneno ni ya Kilatini, sauti na ngoma ni za Kongo. Na ipo Baba Yetu ya Christopher Tin wa Marekani, ambayo ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Aliitunga kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2005, ikapata Grammy mwaka 2011, na leo kwaya za dunia nzima zinaihangaikia. Ikiwekwa mwishoni mwa onyesho na kwaya ya wageni, utakuwa wewe ndiye unayeelewa na wao ndio wanaobahatisha matamshi. Furahia zamu yako, lakini usicheke kwa sauti.

Hatua ya 4: Vaa ulicho nacho

Suti si lazima. Kanzu safi, dera, kitenge, shati lililopigwa pasi, vyote vinapita. Kama ni kanisani, mabega yafunikwe, basi. Messiah ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, waandaaji walitangaza kuomba wanawake wasivae sketi zenye mataruma, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi waenee. Hilo ndilo sharti la mavazi la maana: usimzuie jirani kuona wala kusikia. Kilemba cha harusi kiache. Bangili saba za mkono mmoja nazo ziache, maana kila ukigeuza karatasi zinasema.

Na udi. Mwanakwaya huvuta pumzi mpaka chini ya kitovu, mara mia kadhaa kwa jioni moja. Ukiwa umejifukiza udi wa nguvu na kukaa safu ya mbele, unamkohoza. Jifukize, lakini kaa nyuma. Kikuba cha asumini hakijawahi kumkera mtu.

Ukumbi wa wazi wakati wa kusi, beba leso ya kujifunika, upepo wa usiku si mzaha. Wakati wa kaskazi beba kipepeo cha ukindu. Kinapepea bila sauti, tofauti na karatasi ya programu.

Hatua ya 5: Kama onyesho liko Mombasa

Onyesho kubwa mara nyingi huwa Mombasa, kilomita kama 120. Kwenye ramani ni saa mbili. Kwenye maisha, kuna Mtwapa. Foleni ya Mtwapa jioni imewala watu onyesho zima. Toka Malindi saa sita mchana, kula ukifika, na panga kulala kwa ndugu, kwa sababu kutafuta matatu ya kurudi saa nne na nusu usiku ni kutafuta shida. Onyesho likiwa Malindi kwenyewe, panga na dereva wa tuktuk unayemjua akufuate.

Hatua ya 6: Chagua kiti kwa masikio

Safu ya mbele inaonekana ya heshima, lakini ni mbaya kwa kusikiliza. Ukikaa mbele kushoto utamsikia mama mmoja wa soprano, sauti ya juu, jioni nzima na besi utawasoma kwenye programu. Sauti za kwaya zinahitaji nafasi zichanganyike hewani. Kwenye kanisa, kaa katikati ya ukumbi au nyuma yake kidogo, upande wa njia ya kati.

Halafu tazama juu. Pangaboi lililolegea hutoa mlio wa tiki-tiki ambao kwenye ibada ya kawaida, yenye spika, hausikiki kabisa. Kwaya isiyo na maikrofoni ikishuka chini, pangaboi ndilo linaloimba. Usikae chini yake. Usikae karibu na mlango unaotazama jenereta, wala karibu na friji ya soda. Viti vya plastiki: kijaribu kabla hujakaa, kuna vinavyolia ukipumua.

Ukichelewa, usiingie wakati wanaimba. Simama mlangoni mpaka kipande kiishe; kuna pumziko fupi, wanageuza kurasa, hapo ndipo unapita haraka na kukaa kiti cha kwanza kilicho wazi. Hakuna kumtafuta shangazi.

Hatua ya 7: Simu, peremende, kikohozi

Simu izimwe. Kuiweka mtetemo hakutoshi, kwenye benchi la mbao mtetemo ni ngoma. Na wengi hawalijui hili: programu ya adhana kwenye simu nyingi hulia hata simu ikiwa kimya. Zima kabisa. Picha piga mwanzoni wanapoingia na mwishoni wanapoinama. Mwanga wa flashi humpofua mwanakwaya anayesoma nota.

Peremende fungua ganda lake kabla. Mabuyu, njugu na bajia zibaki nje. Kikohozi kikija kikakataa kushikwa, kohoa kwenye leso pale kwaya inapokuwa na sauti kubwa. Ukikibana mpaka sehemu ya chinichini kitatoka kwa hasira.

Watoto chini ya miaka sita waje kwenye nusu ya kwanza tu, na mzazi akae pembeni. Wa darasa la nne kwenda juu huvumilia vizuri kuliko watu wazima, hasa wakipewa kazi ya kutazama jambo moja. Hilo linatuleta kwenye kusikiliza.

Hatua ya 8: Sikiliza sauti moja moja

Kabla ya sauti ya kwanza kuna tukio dogo ambalo wengi hulikosa kwa kuwa bado wanapiga soga. Kama kwaya inaimba bila ala, mwalimu atatoa mfukoni chuma kidogo chenye ncha mbili, akigonge gotini, akiweke sikioni. Kisha atavumisha nota chache, midomo karibu imefungwa, kila kundi likipewa yake: do, mi, so, do. Wanakwaya wanazishika kichwani, hawajibu. Mikono inapanda. Vifua vyote vinapanda pamoja. Ukiwa umekiona hicho, sauti ikitoka utajua imetokea wapi, maana hakuna kinanda kilichowapa.

Kisha usijaribu kusikia kila kitu. Makundi ni manne: soprano (wanawake wa sauti ya juu), alto (wanawake wa sauti ya chini), tena (wanaume wa sauti ya juu) na besi (wanaume wa sauti ya chini), na mara nyingi husimama yakiwa yametengana. Dakika za mwanzo mfuate soprano, kwa kuwa sikio huenda huko lenyewe. Kipande cha pili, jilazimishe kumfuata besi. Mtazame mmoja mdomoni kama ni lazima. Cha tatu, alto. Alto ndio kipimo changu cha kwaya. Kazi yao haionekani, mara nyingi wanashikilia nota mbili tatu za katikati, na wakiyumba hao nyumba nzima inayumba, ingawa wasikilizaji watalaumu soprano.

Mara kwa mara utasikia kundi moja linaanza peke yake na mstari, kisha la pili linaingia na mstari ule ule huku la kwanza likiendelea, kisha la tatu, la nne. Hiyo inaitwa fugi. Mfano ulio karibu uko ndani ya Haleluya ya Handel, kwenye maneno naye atatawala milele na milele. Besi ndio wanaoanza. Waimbaji wa tena wanaingia juu yao, kisha alto, soprano mwisho. Ukiweza kutambua nani kaingia lini, umeshajua kusikiliza, na hakuna shule itakayokuongezea zaidi ya mazoea.

Mazoea yenyewe yanapatikana bure, au karibu na bure, kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, lile la shule, lililoanza mwaka 1927. Ngazi za chini hufanyika huku huku kwetu kabla ya washindi kwenda ngazi ya kanda na kisha taifa. Watu huja kuona ngoma na mashairi, wakifika zamu ya kwaya zenye wimbo uliopangwa wanatoka kununua juisi. Usitoke. Hapo unasikia kwaya nyingi zikiimba wimbo ule ule moja baada ya nyingine, na baada ya kwaya ya nne masikio yanafunguka: huyu kameza silabi ya mwisho, hawa wameshuka nusu sauti njiani, wale alto wao ni wa kweli. Kisha majaji wanasimama na kusema waliyoyasikia, na wewe unalinganisha na yako. Sijui mahali pengine ambapo mtu wa kawaida anapata elimu hiyo kwa kukaa tu.

Hatua ya 9: Makofi, vigelegele na kutuza

Kanuni ni moja: mtazame mwalimu wa kwaya. Mikono yake ikiwa bado juu, wimbo haujaisha, hata kama hakuna sauti. Mikono ikishuka lakini bado kawapa wasikilizaji mgongo, ni kipande tu kimeisha, kazi inaendelea. Nyamaza, jikohoze, geuza ukurasa. Akigeuka na kukutazama, hapo piga makofi mpaka mikono iwake.

Mtego mkubwa uko kwenye Haleluya. Karibu na mwisho wanaimba haleluya, haleluya, haleluya, haleluya kwa kasi, halafu wanakatika ghafla. Kimya kizima. Kila ukumbi una mtu mmoja anayepiga makofi hapo. Bado iko moja, ndefu na nzito, ndiyo ya kufungia.

Kwenye wimbo huo huo watu husimama. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba mfalme George II wa Uingereza alisimama alipousikia London. Walioishi wakati ule hawakuliandika jambo hilo, lilianza kutajwa miaka mingi baadaye. Desturi imebaki hata hivyo. Wenzako wakisimama, simama. Wakikaa, usiwe peke yako.

Je, aliyepiga makofi mahali pasipo pake ni mshamba? Hapana, na wanaomgeukia kwa macho makali hawajui historia. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahi kwamba wasikilizaji walipiga makofi simfonia yake ikiwa bado inaendelea. Ukimya huu tunaouheshimu ulikuja baadaye. Naufuata kwa sababu unanisaidia kusikia, si kwa sababu ni sheria ya ustaarabu.

Sasa kutuza. Kwenye taarabu, mwimbaji akikugusa, unanyanyuka na noti mkononi, unaenda unacheza mpaka jukwaani, na hiyo ndiyo heshima. Kwenye kwaya ya klasiki usiende. Ukimfikia soprano katikati ya Agnus Dei na kumwekea mia mbili kichwani, utamtoa kwenye nota na kwaya nzima itamfuata. Tuzo yako itie kwenye kikapu cha mlangoni, au nunua programu hata kama huihitaji.

Vigelegele: ndani ya Requiem, hapana kabisa, hata mwisho wake wape watu nafasi ya kunyamaza kidogo kwanza. Mwisho wa onyesho lenye nyimbo za furaha, kigelegele kimoja kilichopigwa na anayekijua hakina ubaya. Wanakwaya wageni hukikumbuka kuliko makofi yote.

Hatua ya 10: Ikiisha

Usikimbilie mlangoni wakati wanainama. Mara nyingi kuna wimbo wa nyongeza, mfupi, usio kwenye programu, na ndio wanaouimba wakiwa wamelegea zaidi.

Wakimaliza kabisa, wanakwaya hutoka na maji mkononi na huwa na njaa ya kusikia neno. "Mmeimba vizuri" wamelisikia. Waambie kitu ulichokisikia kweli: besi walipoingia peke yao, au pale mwisho wa Kyrie mliposhuka bila kuyumba. Kama kuna jambo halikuenda, kesho yake si mbali, mwambie mwalimu akiwa peke yake.

Ukitaka kuimba mwenyewe, muulize mwalimu huyo huyo siku za mazoezi. Kwaya nyingi hupungukiwa na waimbaji wa tena kila mwaka, na mwanamume anayeweza kushika nota ya juu bila kupiga kelele hukaribishwa hata kama hajui nota. Atakujaribu kwa solfa: ataimba so, fa, mi, re, do, wewe urudie. Nenda na daftari, penseli na chupa ya maji. Penseli, kwa kuwa utakayoyaandika leo juu ya nota wiki ijayo atakuambia uyafute.